Viti vya Benzi ya Kisarawe

Simu ya Mwamvua ilinikuta na misumari midogo mdomoni. Nilikuwa nimepiga magoti ndani ya basi dogo, kwenye karakana yangu hapa Kibaha, nakaza kitambaa cha kiti cha dereva, na sisi washona viti tuna tabia hiyo mbaya ya kubana misumari kwa midomo ili mikono yote miwili ibaki huru. Niliitemea kiganjani, nikapokea. "Dada Yustina," alisema, "baba ametangulia. Tunamzika leo saa kumi." Sikuuliza ameugua nini. Mzee Mwinshehe alikuwa na umri ambao watu hawaulizi tena. Wasichana wawili wanaofanya kazi kwangu walisimamisha cherehani wakanitazama. Nikawaambia nimefiwa. "Na nani, mama?" mmoja akauliza. Hakuwa baba yangu, wala mjomba, wala jirani. Nikasema nimefiwa na mteja, nikaona wanavyotazamana, kwa sababu hawajawahi kuniona nikifunga karakana mchana kwa ajili ya mteja, hai au mfu.

Mwaka niliomfahamu nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nashona viti kwa Fundi Maulidi, nyuma ya maduka ya Kwa Mathias, hapa hapa Kibaha. Kazi yetu ilikuwa plastiki. Mabasi ya barabara ya Morogoro yalituletea viti vilivyochanika, tukaviziba, tukavivika plastiki nyekundu au ya bluu, navyo vikarudi barabarani kuchanika upya. Hakuna abiria aliyewahi kukaa akasema kiti hiki kimeshonwa vizuri. Mimi waliniita dada wa viti. Nilikuwa na mkono mwepesi, na nilikuwa na udhaifu mmoja ambao sikumwambia mtu: nilipenda mshono ulionyooka kama wasichana wenzangu walivyopenda kusifiwa sura. Mshono ukipinda hata kwa unene wa uzi, niliuona peke yangu, na ulinikera siku nzima. Ndipo asubuhi moja akaja mtu mrefu wa makamo ya kustaafu, shati jeupe limepigwa pasi, kola imefungwa mpaka shingoni, mkononi ameshika kipande cha ngozi kilichokauka kama dagaa.

"Nina Benzi," alimwambia Fundi Maulidi kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja maradhi.

"Imekufa nini?"

"Haijafa kitu. Injini nimeishusha na kuipandisha kwa mikono yangu. Rangi tayari. Panya wamekula viti."

Tukasikia kisa chake tukiwa tumesimama hapo hapo. Alikuwa dereva wa serikali, akiwaendesha wakubwa, na alipostaafu akainunua mnadani ile ile Benzi aliyoiendesha, nyeusi, kuukuu, akaipeleka kwake Kisarawe. Miaka kadhaa aliitengeneza kidogo kidogo. Sasa mkewe, Bi Zena, alikuwa na uvimbe tumboni, na daktari alisema apasuliwe upesi, na fedha hawakuwa nazo. Kulikuwa na mtu Dar es Salaam aliyetaka gari la kukodisha maharusi. Angelichukua, ila hatoi kitu mpaka akalie kiti kizima. "Kwa hiyo nauza," alisema Mzee Mwinshehe, akatazama pembeni. Fundi Maulidi alimwambia alilete gari Kibaha. Akakataa. Hawezi kuliendesha likiwa uchi, watu wakaliona. Basi Fundi Maulidi, ambaye macho yake yalishaanza ukungu, akanisogeza mbele kwa kiganja cha mkono. "Huyu atakufuata. Wiki mbili."

"Msichana?"

"Msichana."

Nyumba yao ilikuwa kwenye mteremko, katikati ya mikorosho, na kuta za vyumba hazikufika juu. Chumba nilichopewa kilipakana na chao, na kati yetu palikuwa na ukuta wa kimo cha mtu na nusu, kisha giza la chini ya bati. Kila neno lilipita. Nilisikia Bi Zena akigeuka kitandani, nikasikia kikombe kikiwekwa sakafuni. Mwamvua, binti yao wa miaka kumi na sita, ndiye aliyenionyesha pa kuogea na ndoo yangu. Asubuhi ya kwanza mzee alinipeleka bandani akaondoa shuka. Nimeona magari mengi tangu siku ile, mengine ya thamani mara mia, lakini hakuna lililonishika hivyo. Halikuwa linang'aa kwa makelele. Lilikaa tu, pana, limetulia, kama mtu ambaye hana haja ya kujitambulisha. Akafungua mlango, akaufunga. Magari niliyoyazoea mimi mlango ulibamizwa mara tatu ndiyo ukashika. Huu ulisema neno moja, zito, la chini, ukawa umefungwa. "Umesikia?" akaniuliza. Nilikuwa nimesikia. Akaufungua tena, ili tusikie tena.

Nilipofumua kiti cha mbele nilikuta chini ya ngozi, juu ya springi, tandiko la nyuzi za kahawia zilizogandamizwa. Nikazivuta, nikazinusa, nikashangaa. Ulikuwa usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, zile zile bibi zetu walizosokotea kamba. Mzee Mwinshehe akacheka mpaka akashika boneti. "Sasa umejua siri," alisema. "Mawaziri wote wale walikuwa wamekalia nazi." Nilikimbia nao uani nikamwonyesha Bi Zena, aliyekuwa akitwanga kisamvu huku amekaa, kwa sababu kusimama kulishaanza kumshinda. Aliushika, akausugua kwa vidole. "Umetoka pwani ukaenda Ulaya," alisema, "ukarudi umekuwa Benzi." Nilimpenda tangu hapo.

Tulikula mchana kibarazani, ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi alichokitia korosho za kupondwa, na mzee ndipo alipotoa hadithi zake. Alizipata kwa mkufunzi wa Kijerumani aliyewahi kuwafundisha madereva wa serikali. Alituambia gari la kwanza kabisa lilikuwa na magurudumu matatu kama baiskeli ya mtoto, na watu walilikimbia. Aliyelibuni akabaki nalo bandani, leo anarekebisha hiki, kesho kile. Mkewe akachoka kungoja. Alfajiri moja akawachukua wanawe wawili, akaliondoa bila kumuaga mumewe, huyo, mpaka kwa mama yake, safari ya siku nzima katika njia za mikokoteni. Mafuta akanunua duka la dawa. Mrija ulipoziba aliuzibua kwa pini ya kofia. Breki zilipolika alimwendea fundi viatu akampigia ngozi. Aliporudi, nchi nzima ilikuwa inalijua gari la mumewe.

"Kumbe ni mke aliyelitoa bandani," alisema Bi Zena.

"Ni mke."

"Na mume angekuwa mpaka leo anarekebisha."

Mzee alicheka, na mimi nikacheka. Bi Zena hakucheka. Alikuwa ameisukuma sahani yake kando, chakula kimeguswa pembeni tu, na ni mimi niliyekaa mkabala naye niliyeona.

Siku nyingine alitueleza ile nyota yenye ncha tatu, kwamba moja ni ya nchi kavu, moja ya majini na moja ya angani, kwa kuwa wenye kiwanda walitaka injini zao zifike kote huko. Akatueleza kwamba jina linalotangulia lile la Benzi si neno la Kijerumani; ni jina la binti wa tajiri mmoja aliyekuwa akiyauza magari hayo. Mwamvua akamuuliza, "Na wewe baba, ungekuwa na kiwanda ungelipa gari jina langu?" Akajibu angelipa la mama yake. "Usinipe jina la kitu unachokiuza," alisema Bi Zena. Mzee akarudi haraka kwenye miaka ya foleni za sukari, wakati wakubwa waliposimangwa kwa jina la Wabenzi. Yeye alikuwa nyuma ya usukani, alisikia matusi kupitia kioo. "Lakini nakwambia, fundi," alisema, "hakuna hata mmoja aliyetukana bila kugeuza shingo likipita."

Fundi. Alianza kuniita hivyo siku nilipomaliza kiti cha dereva. Alipitisha kiganja juu ya ngozi, ngozi halisi ya ng'ombe kutoka Morogoro, rangi ya kahawa, akafuata mshono kwa ukucha kutoka juu mpaka chini, akasema, "Fundi, hata Wajerumani wenyewe wangekuajiri." Nilikuwa sijawahi kuambiwa neno kama hilo. Leo nikiwa na umri mkubwa kuliko aliokuwa nao Bi Zena, najaribu kumtazama yule msichana kwa huruma, nashindwa. Alikuwa anakula vizuri, analala chumba cha peke yake, anaitwa fundi, na mbele yake pana gari ambalo kila kiungo chake kilitengenezwa na mtu aliyejali. Na alijua kwamba siku atakapokaza msumari wa mwisho atarudi Kwa Mathias kwenye plastiki.

Viti viwili vya mbele nilivimaliza katika wiki mbili. Cha nyuma, kile kirefu, nilikimaliza mwisho wa wiki ya tatu. Nataka nilitamke hili waziwazi kwa sababu sijalitamka popote kwa miaka yote hii: kilikwisha, na kilikuwa kizima. Nilikaa juu yake peke yangu, mchana, mlango umefungwa. Kisha nikaona, au nikajifanya nimeona, kwamba mshono wa kati umehama kidogo kushoto. Nikachukua wembe nikaufumua. Kwa kuwa matundu ya sindano hayafutiki kwenye ngozi, ilinibidi nikate kipande kipya, nianze tena. Mzee alipouliza, nilimwambia ngozi ilikuwa na kasoro. Hakunigombeza. Alikaa kwenye kiti cha dereva, akashika usukani, akawa ananitazama kwenye kioo kidogo nikipima na chaki.

Wakati huo Bi Zena aliacha kupika. Mwamvua alipika akitoka shule, na mimi asubuhi nilimkorogea mama yake uji wa mtama, mwepesi, kwa sababu mzito aliurudisha. Tumbo lilikuwa limevimba na mikono imebaki mifupa. Alikuwa akiniuliza huku ameshika kikombe kwa mikono yote miwili, "Fundi, kimebaki nini?"

"Kiti cha nyuma, mama."

"Juzi pia kilikuwa cha nyuma."

"Ni kirefu, mama."

Aliniangalia, akanywa. Na jioni, kupitia juu ya ule ukuta, nilimsikia.

"Mwambie yule binti amalize."

"Kazi nzuri haina haraka, Zena."

"Mimi nina haraka."

"Nimeshakubali liende. Unataka nini tena kwangu?"

"Umekubali kwa mdomo, baba Mwamvua. Kila asubuhi unaamka unakwenda kulifuta vumbi. Mimi hujaniuliza nimelalaje."

Nilisikia akivaa kandambili, mlango wa uani ukafunguka, na baada ya muda, kutoka bandani, lile neno moja zito la mlango wa gari. Ungedhani maneno yale yangenitosha. Nilijiapiza kesho namaliza. Nikamaliza kweli baada ya siku chache, nikakaa juu yake, nikafumua mara ya pili. Safari hii nilidai uzi umekwisha, nikaomba ruhusa niufuate Kibaha.

Nilikaa Kibaha siku tatu. Uzi niliupata siku ya kwanza. Fundi Maulidi aliniuliza kuna nini huko, nikamdanganya kwamba ngozi ya Morogoro ni ngumu. Nyuma yake viti vya mabasi vilikuwa vimepangwa mpaka dirishani, vimepasuka, sifongo inatoka, vinanuka jasho la watu wa mbali, na yeye akanishika bega akasema kwa upole, "Vyote hivi vinakungoja wewe." Naapa ule upole wake ndio ulionirudisha Kisarawe nikiwa na nia mbaya zaidi kuliko niliyoondoka nayo.

Lililonimalizisha kazi halikuwa dhamira. Asubuhi moja nilimpelekea Bi Zena uji nikamkuta ameketi sakafuni, kanga imelowa, ameegemea kitanda. Hakuomba msaada. Alisema tu, "Funga mlango, Mwamvua asinione." Nilimsafisha, nikambadilisha, nikamlaza, alikuwa mwepesi mno. Nilitoka pale nikaenda bandani, na kwa siku mbili sikutazama mshono, nilishona. Ilikuwa imetimia wiki ya saba. Yule mnunuzi wa Dar es Salaam alikuja, mtu mnene mwenye haraka, akafungua mlango wa nyuma, akajitupa kwenye kiti, akaruka ruka mara mbili, akasema, "Safi." Hakuangalia mshono hata mmoja. Mzee Mwinshehe alimkabidhi ufunguo, akabaki amesimama uani akisikiliza gari likishuka kuelekea Pugu, na alibaki vile muda mrefu baada ya masikio yangu mimi kuishiwa na mlio wake.

Bi Zena alipasuliwa wiki iliyofuata. Walimfungua, wakamfunga. Daktari alisema uvimbe ulishasambaa. Mzee akauliza umesambaa tangu lini, akaambiwa hilo hakuna ajuaye. Nimeliegemea jibu hilo maisha yangu yote kama mtu anayeegemea ukuta mbovu. Labda ulishasambaa kabla sijatia mguu Kisarawe. Labda ulisambaa katika wiki zile nne. Alirudishwa nyumbani, akafa mwezi uliofuata. Nilikwenda mazishini na Fundi Maulidi, nikakaa nyuma ya wanawake wote, na mtu mmoja akanionyesha kwa kidole akimwambia mwenzake: yule ndiye fundi aliyeshona viti vya ile Benzi, ana mkono wa ajabu.

Baadaye Mwamvua alipata kazi kwenye ofisi za serikali hapa Kibaha, tukakutana sokoni, tukawa watu wa kutembeleana. Alikuja nilipofungua karakana. Nilikwenda alipomwoza binti yake. Miaka yote hiyo Bi Zena hakutajwa baina yetu zaidi ya rehema za kawaida.

Safari hii nilifika Kisarawe mwili ukiwa umeshaoshwa. Wanaume walipotoka na jeneza kwenda makaburini, sisi wanawake tulibaki na masufuria. Nyumba imejengwa upya, kuta zinafika juu, na mahali pa banda pana tangi la maji. Nilimkuta Mwamvua uani akipakua wali kwenye masinia, nywele zake zimeingia mvi mbele kama za mama yake. Nikamshikia taa ya simu, kwa kuwa jua lilikuwa linakwenda, na hapo hapo, bila kujiandaa, nikamwambia.

"Mwamvua, kile kiti cha nyuma nilikimaliza wiki ya tatu."

Aliendelea kupakua.

"Nilikifumua mwenyewe. Mara mbili. Hakikuwa na kasoro yoyote. Nilikuwa sitaki kuondoka."

"Najua, dada."

"Nani alikuambia?"

"Nilikuona. Siku ile ya kwanza tulitoka shule mapema, nikapita bandani kukusalimia. Ulikuwa umenipa mgongo, unafumua. Kiti kizima kabisa. Nikamwambia baba jioni ile ile."

"Akasemaje?"

Aliweka upawa juu ya kifuniko. Macho yake yalikuwa makavu, yamechoka na siku nzima ya kupokea watu.

"Alisema, 'Usimwambie mama yako.'"

Ndani ya nyumba mtu alikuwa akisoma Kurani, sauti inapanda na kushuka.

"Na sikumwambia," alisema Mwamvua. "Aliniuliza kila siku gari limefikia wapi, nikamjibu bado kidogo. Mpaka siku ya mwisho, bado kidogo. Hebu hesabu tulikuwa wangapi humu ndani tunaojua, dada Yustina, na yeye yuko pale kitandani anangoja."

Tulikuwa watatu. Siku hiyo tulikuwa tumebaki wawili. Wanaume walianza kurudi kutoka makaburini, tukawasikia wakinawa miguu mbele ya nyumba, na shangazi mmoja akaita kutoka mlangoni kwamba wageni wamekaa, chakula kiko wapi. Mwamvua alijifunga kanga upya kiunoni. Sinia la kwanza lilikuwa kubwa, zito kwa mtu mmoja kulibeba. Alishika upande wake, akaningoja. Nikashika wangu, tukawapelekea watu chakula.